Glavu Nilizozibana kwa Stepla

Kabla sijaja Juba nilikuwa naogopa nyoka, na ndege ikitikisika mawinguni. Umeme sikuwahi kuuogopa. Kampuni iliyoniajiri ilifunga nyaya na kutengeneza majenereta, nami nilikuwa mtunza stoo, Mkenya mwenye miaka arobaini na kiherehere cha kupanga vitu. Kazi ya kuwachagulia mafundi mavazi ya kujikinga iliniangukia kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Nikaifanya kwa maringo. Ovaroli za kwanza kuletwa kutoka soko la Konyo Konyo zilikuwa na mistari ya kung'aa, za kupendeza kuliko suti ya bwana harusi. Nilichomoa uzi kwenye pindo, nikauwasha kwa kiberiti. Ukayeyuka, tone jeusi likaganda kwenye kidole changu na kuniunguza. Nikazirudisha zote, maana cheche ya umeme ikilipuka, nguo kama ile hunata kwenye ngozi ya mtu. Nilichoma nyuzi za muuzaji mmoja baada ya mwingine hadi nikapata pamba halisi, ile inayobaki majivu tu. Mafundi wakanitania kwamba siku moja nitateketeza soko. Nilijisikia vizuri, sitadanganya.

Glavu za mpira tuliziagiza mbali, zikaja kwa lori kupitia mji wa Nesitu. Zilikuwa nene, ndefu hadi karibu na kiwiko. Kwa kuwa stooni kwetu upande mmoja wa jozi haukawii kupotea, nilizipanga mbili mbili, kiganja kwa kiganja, nikazibana kwa stepla kama soksi za sokoni. Siku ya kuzigawa nilichomoa pini taratibu, nisije nikamchoma mtu kidole.

Jozi ya kwanza ilichukuliwa na fundi mmoja aliyekulia ukimbizini Uganda, baba wa watoto wanne, mtu wa maneno machache. Alikuwa anakwenda kwenye bandari ya mtoni kukaza nyaya zilizolegea kwenye swichi kubwa ya chumba cha barafu. Mwenye samaki waliohifadhiwa humo alikuwa amekataa katakata umeme uzimwe.

Hazikupita dakika ishirini, fundi mkuu akaingia stooni na chapati mkononi kuchukua glavu zake. Akaikunja moja kuanzia mdomoni, hewa ikabaki ndani, vidole vikavimba. Akaiweka shavuni. Akaacha kutafuna.

"Dada, hii inavuja."

"Haiwezi. Ni mpya."

Akaileta shavuni kwangu, akaiminya. Hewa nyembamba ikanigusa, ikitokea katikati ya kiganja, pale pale nilipopitisha pini. Nikamwonyesha stepla iliyokuwa mezani. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi.

"Tundu la sindano linatosha umeme kupita," alisema. "Nani ameshaondoka nazo?"

Tulipiga simu, ikaita bila kujibiwa. Kanuni yetu ilikuwa fundi aweke simu kwenye begi kabla ya kugusa swichi. Nikatoka mbio na kupanda boda. Nilimhimiza dereva aongeze mwendo, kisha nikajikuta natamani tusifike, maana niliogopa nitakachokikuta. Niliwaza watoto wanne. Niliwaza, Mungu nisamehe, kwamba ningefukuzwa kazi.

Nilimkuta amesimama mbele ya swichi, mgongo kwangu, glavu mikononi, bisibisi ndani ya sanduku la swichi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka niite. Nikaufunga kwa kiganja. Angeshtuka, mkono ungeruka. Nilirudi kinyumenyume hadi nje, ambako jenereta lilikuwa linanguruma, nikatafuta kitufe chekundu cha kulizima, nikakibonyeza kwa ngumi.

Kukawa kimya. Mwenye samaki akatoka akinitukana kwa Kiarabu, nami nikampita bila kumjibu.

"Mama, nini?" fundi aliniuliza, akiwa bado ameshika bisibisi.

"Vua glavu. Zimetoboka. Nimezitoboa mimi kwa stepla."

Akavua moja, akaikunja, akaiweka shavuni. Akasikiliza kwa muda mrefu. Akafanya hivyo kwa ya pili, kisha akakaa chini sakafuni, kwenye maji ya samaki.

Woga ulipogeuka hasira nikamfokea. Kwa nini hakuzipima? Fundi wa miaka yote ile, hajui?

"Iko najua," alisema kwa sauti ya chini. "Kila siku mimi iko pima. Hata ile ya zamani, mimi iko pima asubuhi na mchana." Akazilaza glavu mapajani. "Lakini hii wewe ndiye ulichagua. Mimi iliona wewe iko choma uzi, iko rudisha nguo ya watu. Nikasema, huyu mama iko angalia vizuri. Kalas, basi, leo sikupima."

Nilikaa kando yake kwenye maji yale yale, gauni la kazini na yote, nikamsihi asiniamini tena. Akacheka kidogo, akidhani namtania.