Mfalme Aliyegawa Ufalme Angali Hai

Nakumbuka asubuhi moja nilitoka Morogoro bila kumuaga mtu wala kujua ninakokwenda. Shule nilikwisha kuiacha, ila hamu ya kusoma haikuniacha. Mfukoni nilikuwa na kitabu cha historia kisicho na jalada. Mchana ukanikuta Kariakoo, mbele ya duka la khanga lililofungwa kwa ndani.

Mwanangu, penye kundi la watu mimi husogea. Nje alisimama mwenye duka, Mzee Nasoro, Mwarabu wa hapahapa Dar. Kando yake wapagazi wawili wameshika mitalimbo. Ndani walikuwa wanawe watatu. Jirani akaninong'oneza: mama yao alipofariki, mzee aliwagawia duka, kila mmoja akakabidhiwa funguo zake mbele ya mashahidi. Kisha akaoa tena, akapata mtoto wa kiume, na sasa anataka kugawa upya ili kichanga naye apate fungu.

"Fungueni, au navunja!"

"Vunja, baba!" akajibu Hamidu, mkubwa wao. "Lakini atakayetangulia kuingia asije akanilaumu!"

"Oya mzee," mpagazi akasema, "tunavunja au tunaenda kula?"

Mdomo wangu haukujua kukaa. "Shikamoo, mzee. Haya yalishampata mfalme mmoja."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mpita njia."

"Basi pita!"

Sikupita. Nilieleza kwa sauti habari za mfalme mkuu wa Ulaya ya kale, aliyewagawia wanawe watatu nchi angali hai. Mkewe akafa, akaoa mwingine, akazaliwa wa nne. Alipotaka kumega mafungu ya wakubwa, wakamwinukia kwa majeshi, wakamvua upanga, wakamlazimisha kuungama kanisani mbele ya watu, kama mwizi.

"Ikawaje?" Sauti ilitoka ndani. Alikuwa Hamidu.

"Baba alirudishwa kitini," nikasema. "Lakini wana waliopatana kumwangusha baba hawakupatana tena. Alipokufa waligeuziana panga, nchi ikapasuka vipande."

 Mzee Nasoro akainua mkono.

"Wekeni chini hayo machuma," akawaambia wapagazi. Akausogelea mlango. "Hamidu, baba. Nilichowapa ni chenu. Chakula kikishapakuliwa hakirudi chunguni. Mdogo wenu nitamhangaikia mwenyewe."

 Ndipo komeo likavutwa. Hamidu akatoka na nondo mkononi, wapagazi wakarudi nyuma. Akaiegemeza ukutani, akamgeukia baba yake.

"Mtoto mmempa jina gani?"

Tangu kichanga kizaliwe, hakuna kati ya wale ndugu watatu aliyekuwa ameuliza. Mzee akalia pale pale barazani.

Jioni akaniuliza ninalala wapi. Nikasema sijui. Akanipa chumba cha uani, na mke wake mpya akaniletea mkeka.

Mwanangu, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Usigawe mali kwa pupa ya kupendwa, na ukigawa, usimpore mkubwa ili umtunze mdogo. Nawe uliyepewa, usimpandishie mzazi mabega kwa kile alichokupa yeye. Na ndugu wa mama mwingine ni ndugu. Mungu akujalie watoto watakaopokezana jeneza lako bila kukosekana hata mmoja.