Nta Kwenye Injini ya Mjomba

Nta ya nyuki ikipata moto juu ya chuma hutoa harufu mbili. Kwanza hunukia asali. Ukiiacha kidogo, hunukia kama mshumaa uliozimwa kwa vidole. Ile harufu ya kwanza hunifanya niinamishe kichwa hadi leo. Nilikuwa darasa la tano, nikiishi kwa mjomba wangu katika kijiji chetu kando ya barabara ya Urambo, pale njia ya zamani ya misafara inapopita nyuma ya kanisa. Ilikuwa kiangazi, tumbaku imeshauzwa, vumbi jekundu limelala juu ya kila jani, na porini hakuna ua hata moja lililochanua. Mjomba alikuwa na gari la spoti, jekundu, la milango miwili, alilolinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini Tabora aliyechoka kulitazama likioza nyuma ya duka lake la vitambaa. Lilikuwa fupi mno kwa barabara zetu. Kila tuta lililikwaruza tumbo, na kila likikwaruzwa Mjomba aliguna kana kwamba ni mbavu zake.

Jumapili baada ya ibada alikuwa na desturi ya kufungua boneti ili wanaume watazame. Walichokiona ni grisi nyeusi, nyaya zilizoning'inia kama matumbo ya mbuzi na kutu kwenye kila nati. Siku moja mzee wa kanisa alichungulia, akatikisa kichwa, akasema, "Bwana, gari lako nje bwana harusi, ndani jiko la kuni." Wote walicheka, na Mjomba akacheka nao, lakini niliona jinsi alivyofunga boneti taratibu. Binti yake, dada Veronika, alikuwa anaolewa mwezi wa nane na kijana wa mjini. Jioni ile Mjomba alisema atampeleka kanisani kwa gari lile lile, na kwamba atafungua boneti mbele ya wakwe, nao hawatapata la kusema.

Hatukuwa na uwezo wa kununua vifaa vya dukani, kwa hiyo tulitumia vya nyumbani. Mimi nilikuwa mtoto wa maneno machache, na kazi ile ilinifaa kwa sababu injini haiulizi kitu. Tulifunga betri na plagi kwa mifuko ya nailoni ili maji yasiingie. Tulilowesha grisi kwa mafuta ya taa, nikaisugua kwa mswaki wa zamani hadi vidole vikabadilika rangi. Sehemu za bati jeupe nilizing'arisha kwa majivu na limau, kama tunavyosugua sufuria. Mjomba alipiga msasa mfuniko wa juu wa injini, akaupaka rangi nyekundu iliyobaki alipopaka geti. Nyaya tulizikusanya, tukazivisha vipande vya tyubu ya baiskeli na kuzifunga kwa utepe mweusi, zikalala zimenyooka kama nywele zilizosukwa. Kila jioni Mjomba alisimama hatua tatu nyuma, akatazama, akaniambia, "Nyamizi mwanangu, mikono yako ina akili." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, hata shuleni.

Ilibaki mipira ya kupitishia maji ya rejeta, iliyokuwa imepauka kama visigino vya kiangazi. Jirani yetu, Mama Kashindye, alikuwa mjane mfuga nyuki, mwenye mizinga yake porini na kicheko kikubwa. Nilimwomba kitu cha kuing'arisha. Alinipa donge la nta mbichi, bado limeshikana na masega, akaniambia, "Chemsha kwenye maji, chuja kwa kitambaa. Halafu rudia tena. Ikibaki inanukia asali, nyuki watakuja kudai chao." Niliitikia vizuri. Lakini nta huharibu sufuria, na nilikuwa na haya ya kumwomba mke wa mjomba sufuria yake. Siku za harusi alikuwa mkali. Basi niliyeyusha nta katika kopo la rangi bila maji, bila kitambaa, nikaipaka vile vile, na asali yake na vipande vya masega. Mipira iling'aa kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga. Nikapaka na pembeni, na chini ya boneti pia. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Asubuhi ya harusi gari lilisimama juani mbele ya nyumba, limefungwa maua ya karatasi. Wakwe walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi. Mjomba aliwasha injini ipate moto, akaizima, akasema, "Karibuni mtazame, wakwe zangu," akafungua boneti. Harufu ya asali ilitoka kama mtu aliyefungua mlango. Nyuki wachache walikuwa wameshaingia tangu alfajiri. Sasa wakaja wengine, halafu wakaja wote. Viti vilianguka. Dada Veronika alikimbilia ndani akiwa amejifunika shela kichwani, akilia, na Mjomba alibaki peke yake akipigana na boneti hadi mdomo wake wa juu ukavimba kama andazi. Nyuma ya dirisha mkwe mmoja alisema, "Kumbe hili linatumia asali badala ya petroli." Bibi harusi alipelekwa kanisani kwa trela la trekta.

Jioni, watu walipotulia, shangazi mmoja alisema nyuki hawaji harusini bila kutumwa. Mjomba aliniita, akaniuliza kwa mdomo wake uliovimba, "Nta hii umeitoa wapi?" Nikasema, "Kwa Mama Kashindye." Nikaishia hapo. Sikudanganya neno hata moja. Nusu ya pili, ya kopo na kitambaa, niliimeza, kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama na kwa sababu nilitaka mikono yangu iendelee kuwa na akili.

Kuanzia siku ile hakuna aliyenunua asali ya Mama Kashindye. Wanawake hawakumwita tena kusonga ugali wa shughuli. Alisalimia njiani, watu wakakohoa. Nilipokutana naye nilisema shikamoo nikitazama miguu yake, naye akajibu marahaba kama kawaida, na hilo lilinichoma zaidi ya nyuki. Kabla ya mvua alifunga mlango wake akahamia Tura kwa dada yake.

Sasa ninaosha magari mjini Tabora. Dawa za kung'arisha injini zimejaa madukani, lakini mimi bado natumia majivu na limau, na wateja husifu. Mwaka jana nilipanda treni hadi Tura. Nilimkuta amezeeka, anachambua maharage, na nikamweleza yote hadi kopo la rangi. Hakushtuka.

"Nilijua," alisema. "Nta iliyochujwa hainuki vile, na vidole vyako vilinuka wiki nzima."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Niseme ni mtoto? Wangesema nimemroga na mtoto." Akarudi kwenye maharage yake. "Usiniambie mimi, Nyamizi. Mimi nilikuwepo."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kijijini. Mjomba bado hufungua boneti baada ya ibada, na wanaume wale wale, wakiwa na mvi sasa, bado huchungulia. Nikasimama kati yao, nikasema. Nilianza na kopo la rangi, nikafika mwisho. Hakuna aliyecheka. Mjomba aligusa mdomo wake wa juu, kisha akafunga boneti taratibu, kama siku ile ya jiko la kuni, na wote wakageuka kutazama nyumba ya Mama Kashindye ng'ambo ya barabara, ambayo paa lake limeanguka. Maneno niliyoyakalia miaka yote ile yalichukua muda mfupi kuliko kusafisha plagi moja.