Mashine ya Baridi Juu ya Gari la Daktari

Harufu ya gundi ya mpira hunirudisha katika likizo ile ya Agosti, nilipokuwa na miaka minane. Ilikuwa harufu kali, tamu kidogo, na Baba alipokuwa akinichana nywele asubuhi niliinusa vidoleni mwake hata baada ya yeye kuoga. Alikuwa fundi wa friji katika karakana moja ya Industrial Area, karibu na kiwanda cha sabuni. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na katika chumba chetu cha mtaa wa Jericho tulibaki wawili. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na hakukuwa na wa kuniachia, tulitembea pamoja kwenda kazini, mimi nikikimbia kidogo ili nisiachwe nyuma. Baba hakuwa mtu wa maneno, na tangu mazishi hata yale machache aliyokuwa nayo yalikuwa yamekauka.

Likizo hiyo lililetwa karakanani gari ambalo sikuwa nimeona mfano wake: nyumba nzima juu ya magurudumu. Ndani mlikuwa na jiko la gesi, meza ya kukunja na vitanda vitatu. Mwenyewe alikuwa daktari wa macho, mama wa Kizungu mpole, aliyekusudia kuzunguka kaskazini akiwatibu watu. Alisema joto la huko lingeharibu dawa zake, kwa hiyo alitaka mashine ya baridi iwekwe juu ya paa. Wakati mafundi wanakunywa chai, mimi nilijilaza kwenye kitanda cha tatu, kile kifupi, nikawaza kwamba sote watatu tuko safarini na Mama ameshuka tu kununua maziwa.

Baba alipima paa siku mbili kabla ya kugusa msumeno. "Bati likishakatwa halirudi," aliniambia. Alichora mraba kwa chaki, akatoboa pembe nne, akakata polepole, kisha akazungushia tundu fremu ya mbao ili paa lisibonyee kwa uzito. Juu yake akabandika ukanda wa mpira kwa ile gundi. Wanaume wanne wakaipandisha mashine kwa kamba, naye akaingia ndani na kukaza bolti kidogo kidogo, moja baada ya nyingine. Jenereta ilipowashwa, hewa baridi ilinimwagikia usoni nikapiga kelele ya furaha, na Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike Mama.

Daktari alipiga makofi. "Fundi, kama paa halivuji, tunaondoka Jumatatu. Miezi minne si mingi."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Baba ndiye angekuwa dereva na fundi wa safari hiyo. Nilimtazama, akatazama viatu vyake.

Mvua haikuwa ya kutegemewa mwezi huo, kwa hiyo walileta mpira wa maji. "Mwende, lala hapo uangalie juu," Baba aliniambia. "Ukiona hata tone, niite." Maji yakaanza kugonga bati. Niliitazama fremu ile yote. Ilikuwa kavu kabisa.

"Baba! Yanaingia!"

"Wapi?"

"Hapo kwa kona."

Alifungua bolti zote, akabandua ukanda wa mpira, akaweka mwingine. Ikapita nusu siku. Wakamwaga tena, nikaita tena. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mara ya tatu. Baba aliingia, akapitisha kiganja chake pembe zote nne, akakitazama. Kisha akaketi kwenye kitanda mkabala nami.

"Mwende, hapa ni pakavu."

Nikavuta uzi wa godoro.

"Kuna watu huko hawaoni, mwanangu. Wanamngoja daktari."

"Na mimi?"

Alinifuta uso kwa kitambaa chake chenye grisi, akatoka, nami nikamsikia akimwambia daktari, "Halivuji. Tuko tayari."

Jumatatu aliniacha kwa jirani yetu, Mama Atieno. Aligeuka mara tatu mlangoni, hadi mama yule akamwambia, "Enda, Baba Mwende. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Nyumba ile ilikuwa na watoto sita na kelele za kutosha mtaa mzima. Walinigawia vidagaa vyao vya omena, wakanisogezea mkeka, na bado nililala nikiwa nimeuelekea ukuta. Nilipata barua mbili tu. Baba alirudi karibu na Krismasi, amekonda, nikampa mkono kama mgeni. Usiku ule alimsimulia Mama Atieno juu ya bibi kizee aliyefunguliwa bendeji akamwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Nilifurahi, na nikamwonea wivu mjukuu yule.

Baba ameshatangulia, na hatukuwahi kuizungumzia siku ile. Leo binti yangu anafanya kazi ng'ambo, na kila Jumapili naliona jiko lake lote kwenye simu. Juzi mwanawe, aliye na umri niliokuwa nao wakati ule, alisogea karibu na kioo akaniuliza, "Nyanya, unakuja lini?" Nikaanza kumweleza habari za viza na nauli, nikaona uso wake ukififia. Zamani barua ilichukua wiki tatu kunifikia. Siku hizi uso wa mtoto unanifikia papo hapo, nami naufuta kwa kidole tu juu ya kioo, kama Baba alivyonifuta wangu.