Kopo la Mzee Gidahosh

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Hapana, nakosea, maana hamsini na tatu Malkia alikwisha kuvikwa taji, na siku zile picha iliyotundikwa ofisini kwa daktari pale Mbulu ilikuwa bado ya Mfalme. Basi iwe hamsini na moja, miezi ya baridi, wakati Nikolausi wa Nambis alipokuwa anajifunza darubini.

Mtu huyu kukaa kitako kulimshinda tangu utoto. Kwao Nambis walisema hata ugali aliula akiwa ameshika mlango. Na kazi aliyoichagua ilitaka makalio, si miguu. Unapaka makohozi ya mgonjwa juu ya kipande cha kioo, unakausha, unamwagia rangi nyekundu na kuipasha moto mpaka itoe mvuke, unaosha kwa asidi, unamalizia na rangi ya bluu. Vijidudu vya kifua kikuu ni vibishi: vitu vingine vyote vikishageuka bluu, vyenyewe vinabaki vyekundu, vyembamba kama nyuzi zilizokatwakatwa. Ila usipoviona, huna ruhusa ya kuandika "Hakuna" mpaka uwe umekisogeza kioo mara mia, na kila mara utazame upya.

"Sabini na nne," alisema Nikolausi akipangusa jicho.

"Sabini na mbili," alijibu Bwana Saleh bila kugeuka. Saleh ndiye aliyemfundisha, mtoto wa wenye duka wa Dongobesh, mtu wa kofia safi na maneno makali. "Mguu wako unatingisha meza, Nikolausi. Vijidudu vinapata kizunguzungu."

Wiki ile aliingia mzee Gidahosh, mfugaji wa Kibarbaigi kutoka Gendabi, anakohoa tangu mvua za kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kuuzia ng'ombe. Nikolausi akamwamkia shikamoo, akafungua kopo la bati, akamnyooshea na kusema neno moja: "Tema."

Mzee alimtazama kwa furaha. "Hapa?"

"Hapa hapa, mzee. Tema sana."

Basi mzee akasogea, akatema kwa wepesi, tfu, tfu, kama umande, nusu ndani ya kopo na nusu juu ya mikono ya Nikolausi, huku akisema maneno ya kwao taratibu. Nikolausi akashukuru, akafunga kopo. Akatazama mara mia, zote bluu. Akaandika "Hakuna," Saleh akatia sahihi, na mzee akarudi kwao na karatasi yake.

Siku ya nne, hapo uani pa hospitali, bibi mmoja wa Kibarbaigi alikuwa anaagana na binti yake aliyelazwa. Akamtemea mate kwenye paji la uso, tfu, tfu, na binti akainamisha kichwa ili apokee vizuri. Nikolausi alikuwa na ndoo ya maji mkononi. Aliiweka chini, akaiinua, akaiweka tena.

Kisha akalikimbilia sanduku la vioo, akatoa kile cha Gidahosh. Safari hii hakutafuta vijidudu. Alitafuta usaha, uchafu wa mapafuni, dalili yoyote kwamba kifua kilitoa kitu. Hapakuwa na kitu. Ni vigozi vinavyobanduka mdomoni tu, bapa, safi.

"Bwana Saleh, haya ni mate matupu. Nilimwambia ateme, naye akanibariki."

Saleh akaweka jicho kwenye darubini, akakaa nalo hapo muda mrefu. "Kwa hiyo umepima baraka."

"Ndiyo."

"Na mimi nimeitia sahihi." Akavua kofia, akaivaa tena. "Baraka haina vijidudu, bwana. Mwenye baraka je?"

Nikolausi alipewa siku tano za kumfuata mzee. Lori la Tawakali, ami yake Saleh, lilimpeleka hadi Katesh juu ya magunia ya chumvi, na njia nzima hakuketi, dereva akimfokea kwamba atakuja kuanguka. Kutoka Katesh alikwenda kwa miguu, kopo jipya likimgonga pajani. Aliiwaza ile karatasi. Mtu ukimwambia hana ugonjwa, atajihadhari na nini? Hatajihadhari na kitu.

Alimkuta Gidahosh ameketi kando ya zizi, amempakata mjukuu wa kike wa miezi mitano. Mzee alikohoa na kutema pembeni, akafukia haraka kwa mchanga kwa kidole cha mguu, kisha akamgeukia mtoto, tfu, kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mzee. Tafadhali, mpe mama yake huyo mtoto."

"Marahaba. Kwa nini? Karatasi yako imesema mimi mzima. Tangu nirudi nambariki kila asubuhi."

Nikolausi alizunguka zizi lote ndipo akasema. "Karatasi si ya kweli, mzee. Kosa ni langu. Nilitaka hicho unachofukia."

"Hiki?" Mzee aliutazama mchanga kwa aibu. "Hiki ni uchafu. Mtu ananinyooshea chombo kwa heshima, mimi nimtilie uchafu?"

Mkewe, aliyekuwa anakamua, alicheka mpaka maziwa yakamwagika. "Ametoka Mbulu kufuata makohozi yako, na wewe unamnyima!"

Kesho yake asubuhi mzee alijificha nyuma ya boma, akakohoa mpaka akashika mti, akarudi na kopo limefungwa, amelishika kwa mikono miwili. "Sasa mtoto nimbariki vipi?"

"Mshike kichwa tu, mzee. Usimtemee."

"Kichwa nitashika. Na maneno bila mate, yatapanda nini ili yamfikie?"

Nikolausi alifunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Huko Mbulu vijidudu vilionekana pale pale, kabla hajakisogeza kioo hata mara moja, vyekundu, vimelala mafungu mafungu. Akaandika "Vipo." Gidahosh alifuatwa kwa gari, akapelekwa hospitali ya kifua upande wa Kilimanjaro, analalamika njia nzima juu ya ng'ombe wake.

Watu waliona jambo limekwisha. Lakini Nikolausi alitembea. Alitembea uani, alitembea sokoni, mkewe Tekla akamwambia anamaliza soli za viatu bila kufika popote. Mwisho akaingia kwa daktari bila kubisha hodi, Saleh nyuma yake akimvuta shati, akauliza. Mwaka uliofuata, Nikolausi alipofaulu mtihani wake, aliuliza tena, na akamwuliza kila daktari aliyekuja baada ya huyo, kwa maneno yale yale:

"Mtoto wa miezi mitano hajui kukohoa ndani ya kopo. Yeye nitampimaje?"