Pointi za Mama

Nikinusa ndimu iliyochanganyika na sabuni, naacha ninachofanya. Siyo ndimu ya jikoni. Ni harufu ya vile visabuni vidogo vya hoteli, vilivyofungwa kwa karatasi kama peremende, ambavyo mama alirudi navyo nyumbani kwetu Kiwanjani katika mfuko wa pembeni wa mkoba wake. Mimi na mdogo wangu Guyo tuligawana kwa kugombana. Hatukuviogea hata siku moja. Tulivinusa, tukaviweka katikati ya nguo, hata sare ya Guyo ya shule ikawa inanukia kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Mama yangu, Darmi, alikuwa mkalimani. Kaunti zilikuwa bado changa miaka hiyo na kila ofisi ilitaka maoni ya wananchi: leo mkutano wa maji, kesho wa ardhi, wiki ijayo wa malisho. Wazee walikuja kutoka Merti na Sericho wakazungumza Kiborana, maafisa wakazungumza Kiingereza, na mama akakaa katikati yao akipitisha maneno huku na huku, kama watu wa visimani wanavyopokezana ndoo. Mikutano mingine ilifanyika hapa mjini. Mingi ilikuwa Nakuru, Nairobi, Mombasa, na walioiandaa walipenda hoteli za kampuni moja. Siku moja mtu wa mapokezi akampa mama kadi. Kila usiku anaolala kwenye hoteli zao, kadi inaongezewa pointi. Wenzake walizitupa zao kwenye droo. Yeye aliiweka yake nyuma ya kitambulisho.

Siku alipotuambia, tulikuwa tunakunywa chai na Mjomba Jarso, kaka yake. Mama alisema kadi imejaa, na kwamba sasa inaweza kutulaza siku tatu, watu wanne, katika hoteli moja ya Pwani ambayo vyumba vyake vimesimama juu ya bahari kwa nguzo. Guyo aliuliza kama vyumba vinaelea. Mjomba aliuliza jambo lingine.

"Hizo pointi haziwezi kugeuzwa vocha ya duka?"

"Zinaweza."

"Basi geuza, uchukue friji. Mtu hali mandhari, Darmi."

"Nikitaka friji nitanunua friji."

"Watu watasema nini? Sericho yote imekauka, watu wanatembea siku nzima na punda kutafuta mtungi mmoja, na wewe unapeleka watoto kuangalia maji?"

Mama alimwongezea chai. "Ndiyo maana nawapeleka," akasema.

Baba hakuingia katika ugomvi huo. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na alisema mbuzi hawana likizo, twende sisi. Nafasi ya nne ilikuwa ya Akko, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiborana, mama mzazi wa mama, ambaye alikuwa ameishi maisha yake yote Korbesa na ngamia wake. Alipoletwa mjini aliuliza swali moja tu: "Hayo maji yana mwenyewe?" Mama akamwambia hayana. "Basi twende," akasema Akko, akafunga leso yake. Mkononi alishika jerikeni ya njano ya lita tano, tupu. Tulimwuliza ya nini. Akaitia kwapani.

Tulisafiri kwa basi siku moja na nusu. Tulipofika hotelini mchana, miguu yangu ilikuwa imevimba na Guyo alikuwa ametapikia kiatu chake kimoja. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na sakafu iliyong'aa hata nikaona sketi yangu ndani yake. Upande wa mbele hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na bahari tu, na daraja refu la mbao lililoingia humo, na vibanda vya makuti vimejipanga pande zote mbili kama vinakunywa. Nilisahau miguu.

Kijana wa mapokezi alikuwa na tabasamu zuri na shati lililopigwa pasi vizuri. Aliichukua barua ya mama, akaisoma, akatutazama mmoja mmoja: Akko na ndala zake, Guyo na kiatu kimoja, ile jerikeni.

"Samahani sana, mama. Vyumba vya majini vimejaa. Tumewawekea chumba cha bustanini, kule nyuma. Kizuri sana, kimetulia."

"Barua inasema chumba namba sita, juu ya maji," mama akasema.

"Naiona, mama. Lakini mmekuja kwa pointi. Wageni wa pointi huwekwa kulingana na nafasi."

"Barua haisemi hivyo. Nimeisoma mara tatu."

Wakati huohuo waliingia mwanamume na mwanamke wenye masanduku ya magurudumu. Msichana aliyekuwa kando ya yule kijana akawapa madafu, kisha akawapa ufunguo ulioning'inia kwenye kipande cha mbao kilichochongwa kama samaki. Juu ya samaki palikuwa na namba sita. Mimi niliiona. Mama aliiona. Yule kijana aliona kwamba tumeiona.

"Samahani, mama, unajua..."

"Mwanangu," mama akamkatiza, bila kupandisha sauti, "kazi yangu ni kutafsiri. Neno samahani nimelitafsiri mara nyingi sana. Likiwa na kitu ndani nalijua, na likiwa tupu nalijua. Niitie mkubwa wako. Tutamngoja hapa."

Akamgeukia Akko akamweleza yote kwa Kiborana. Akko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua ndala, akatandika leso yake katikati ya ile sakafu inayong'aa, akaketi, akanyoosha miguu. Mama akaketi kando yake. Guyo akalala chali.

Wasomaji wangu, ningependa kuwaambia kwamba nami niliketi kwa fahari. Sikuketi. Nilisimama nyuma ya chungu kikubwa cha maua nikiomba nisionekane. Wageni walipita wakitukwepa. Mmoja alitupiga picha. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, umri ambao mtu anaweza kufa kwa kutazamwa. Nikasogea, nikamwambia mama kwa Kiswahili ili Akko asielewe: "Mama, tuchukue tu hicho cha nyuma. Tafadhali."

Akko akauliza mtoto anasema nini.

"Anasema amechoka," mama akamtafsiria. Ndiyo mara ya pekee niliyowahi kumsikia akitafsiri vibaya. Kisha akanigeukia. "Unaona aibu?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Iangalie vizuri hiyo aibu, Gumato. Siyo yako. Ni ya watu wa hapa, wamekubebesha tu. Iweke chini, ukae."

Sikukaa. Nilirudi kwenye maua yangu.

Wakati wa sala ya alasiri ulipofika, Akko aliuliza kibla, akasimama palepale. Askari wa mlangoni alikuja mbio, lakini kwa heshima, akamwambia mama kwamba kuna mahali pa kusalia, pametengwa, kule nyuma. Akko alikuwa na Kiswahili kidogo, cha kununua sukari na kuuza maziwa. Neno "nyuma" alilijua.

"Kila kitu nyuma," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ngamia walio mbali. "Chumba nyuma. Sala nyuma. Nyuma iko kwetu! Mimi toka huko. Mimi nakuja hapa kwa mbele."

Akasali. Hakuna aliyemgusa.

Meneja alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kamba. Alifika wakati Akko amemaliza kutoa salamu ya sala, akavuta kiti, akaona wenzangu wote wako sakafuni, akakiacha na kuchutama. Alipendekeza tulale bustanini leo, kesho tuhamishiwe majini, na chakula cha jioni kiwe bure.

"Ahsante," mama akasema. "Chakula tutakula. Ila tutalala majini leo."

"Na kama sina chumba?"

"Ukiniambia mwenyewe, machoni, kwamba huna hata kimoja, nitainuka."

Meneja akainuka, akaenda mezani, akasema na yule kijana kwa sauti ya chini. Kumbe kulikuwa na kimoja, namba tisa, kilichowekwa akiba kwa mkubwa fulani ambaye labda angekuja. Meneja alirudi na samaki wa mbao mkononi. Alimpa Akko, siyo mama.

Nini niwaambie kuhusu namba tisa? Kitanda kilikuwa kipana kama boma. Katikati ya sakafu palikuwa na kioo, na chini ya kioo samaki wenye mistari walikuwa wakipita bila haraka. Akko alikizunguka kile kioo jioni nzima ya kwanza kama mtu anayemzunguka nyoka. Aliuliza samaki hao wanachungwa na nani. Alipoambiwa hakuna, alisikitika kwa dhati, akasema ndiyo maana wanatangatanga hivyo.

Asubuhi yake alishuka ngazi zilizoingia majini, akishika kamba kwa mkono mmoja, akachota maji kwa kiganja, akaonja. Nilingoja ateme. Akameza. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na jamaa ugenini.

"Darmi!" akaita. "Ni chumvi! Chumvi yote hii, na hakuna mnyama hata mmoja!"

Sisi tulikuwa tumeona bahari. Yeye aliona malisho. Kwetu mtu husogeza ngamia mwendo wa siku kadhaa ili walambe ardhi ya chumvi, na hapa ilikuwa imejimwaga mpaka mwisho wa macho, na wazungu wanaogelea ndani yake. Ndipo nikajua kazi ya ile jerikeni. Aliijaza mwenyewe, akaifunga kwa kipande cha nailoni, na siku ya kuondoka alipita nayo mapokezini akiwa ameibeba mgongoni. Yule kijana alitufungulia mlango. Baadaye, kule Korbesa, Akko aliyachanganya maji hayo na ya kisima akampa ngamia wake mmoja jike. Ngamia alikunja mdomo, akafikiri, akanywa yote.

Nyumbani, Mjomba Jarso alituuliza kama tumeshiba mandhari. Shuleni mwalimu alitupa insha, "Likizo Yangu". Niliandika kuhusu daraja la mbao, kioo, na bibi aliyeonja bahari. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, darasa likacheka, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu: Lugha nzuri, lakini andika mambo ya kweli. Rudia.

Ningeweza kuandika kwamba nilienda Korbesa kunywa maziwa. Angenipa alama zote. Nilichukua karatasi mpya nikainakili insha ileile, neno kwa neno, ila nikaongeza namba ya chumba. Akairudisha. Nikanakili tena, nikaongeza rangi ya samaki. Mara ya tatu alinisimamisha, akaniuliza kama nina kichwa kigumu.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Lakini tulilala huko."

Darasa lilinitazama, na safari hii sikutafuta maua ya kujificha. Aliweka tiki, labda kwa kuchoka. Sijali. Ile tiki ninayo hadi leo.

Miaka mingi nilidhani siku ile ukumbini mama alikuwa anapigania kutazama bahari. Nilielewa nilipoanza kazi yangu mwenyewe, mbali na nyumbani, na kujua jinsi simu ya kutoka nyumbani inavyokatwa na mtu akabaki ameishika. Nikakumbuka nikiwa na miaka saba, Guyo anaugua surua, mama anatakiwa Nakuru, gari linapiga honi nje. Nilishika buibui lake kwa mikono miwili nisimwachie. Alinifungua vidole kimoja kimoja, akivibusu, akaenda. Usiku ule pia kadi iliongezewa pointi zake.

Bado wako watu mjini wanaosema Darmi alikuwa na bahati, alienda kulala kwa matajiri bila kutoa kitu. Mimi siwaachi wamalize kusema, hata wawe wakubwa wangu, hata iwe harusini. Nawaambia hatukupewa. Kila usiku uliokuwa ndani ya kadi ile ulitolewa nyumbani kwetu, na mama alikwenda kuudai ukiwa mzima, wala hakukubali kurudishiwa nusu. Hizo siku tatu tulilipa sote, tena tulilipa mbele. Mimi nililipa kwa vidole kumi.