Goli Refu la Shelui

Fundi Fredrick ni mtu mpole mpaka umgusie goli lake. Mimi nauza chai na chapati mkabala na karakana yake hapa Shelui, pale malori yanapoegesha, na nimemsikia akibishana na madereva miaka nenda rudi huku anacheka. Bodi ya lori imechomelewa vibaya? Anacheka, anairudia. Lakini dereva akithubutu kusema lile goli la mpira wa kikapu pale uwanjani limekaa vibaya, hapo ndipo chai yangu inapopoa, maana watu wote wanahamia kumsikiliza Fredrick.

Alilitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya chuma chakavu, mwaka ule aliofiwa na mkewe. Bintiye Severina alikuwa bado mtoto, mrefu, haongei, anashinda karakanani akiangalia cheche. Fredrick alicheza kikapu enzi zake za sekondari, basi akaona amfundishe. Kuna waliosema mtoto wa kike angefundishwa cherehani. Hao hao leo ndio wa kwanza kumwita "mwanetu".

Severina alikua akirusha mpira kwenye goli lile asubuhi na jioni, kasoro msimu wa kuanika alizeti, uwanja unapojaa maturubai. Alipomaliza shule klabu moja ya Dar es Salaam ikamchukua. Wanamlipa posho, na posho yenyewe ikija ni kama mvua ya Singida, unashukuru iliyonyesha. Ndiyo maana wenzake hawakai. Kila akipiga simu, kuna mmoja kaondoka, huyu kaenda Misri, yule Uturuki, na Fredrick akishakata simu anakuja kunimalizia hasira mimi.

"Sisi tunapalilia, wengine wanavuna!" anasema. "Hapa ligi itabaki na nani, Mama Rahel? Na makocha watupu?"

"Mkono mtupu haulambwi, Fundi," namwambia. Hataki kusikia.

Mwaka huu, alizeti zikiwa zinavunwa, Severina akashuka kwenye basi bila kutuambia. Alikuja kwangu kwanza, akaniamkia shikamoo, akakaa kwenye benchi magoti yakimfika kifuani. Nikajua ana jambo.

"Mama, kuna klabu ya Uturuki inanitaka. Mshahara kila mwezi, na nikiumia wananitibu. Wanataka jibu Jumamosi."

"Na baba yako?"

"Ndiyo maana nimekuja. Bila neno lake sisaini."

Nilimshauri amwambie akishakula. Akafanya hivyo. Kwanza akampa zawadi, tepu mpya ya kupimia, maana ile ya baba yake ilikatika zamani, sentimita kumi za mwanzo hazipo. Mafundi wote wa hapa wanaoiazima wanajua kwamba unaanzia kwenye namba kumi, kwa hiyo ukitaka mita moja, unasoma mita moja na kumi. Fredrick aliifurahia tepu mpya kama mtoto, akawa anaivuta na kuiachia. Halafu akaambiwa habari ya Uturuki, furaha ikaisha.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Wewe pia?" akaingia ndani. Usiku ule niliumia kwa ajili ya wote wawili, nasema wazi. Mzee hakuwa anailinda ligi hata kidogo. Alikuwa anaogopa kubaki peke yake na mashine yake ya kuchomelea, ila mkaidi hawezi kusema hivyo.

Kesho yake asubuhi, mbele ya wateja wangu wote, ndipo akapata la kusema.

"Goli ni goli, Severina. Mita tatu na sentimita tano, hapa na kule. Unafuata nini ambacho hapa hakipo? Njoo nikuonyeshe."

Akabeba ngazi, akamwita Marko, mwenzake waliyesimika naye lile goli. Tukawafuata, chapati nikaziachia moto. Fredrick akapanda, akashika ncha ya tepu mpya kwenye ringi. Marko akainama chini kusoma.

"Tatu na kumi na tano," Marko akasema.

"Soma vizuri."

"Nimesoma."

Fredrick akashuka, akasoma mwenyewe. Tukamwona anarudi kusoma tena.

"Marko, siku ile nilikutajia ngapi?"

"Ulisema tatu na kumi na tano. Nami nikaongeza kumi za ile tepu mbovu."

"Zile kumi nilikuwa nimeshaziongeza mimi!"

Dereva mmoja akaangua kicheko, na kwa kweli hata mimi kicheko kilinitoka. Miaka yote ile ya ubishi, kumbe goli limezidi! Lakini nilipomwangalia Fredrick nikanyamaza. Alikuwa ameinamisha kichwa. Akaenda karakanani, akarudi na msumeno wa chuma ili alikate palepale. Severina akasimama mbele ya nguzo.

"Baba, acha."

"Nimekulea kwenye goli la uongo."

"Nilijua tangu wiki ya kwanza Dar. Mipira yangu yote ilipita juu, wenzangu wakanicheka mpaka nikalia. Baadaye nikazoea kupima nguvu, lakini ule mrusho wa kwenda juu haukunitoka. Wanaonikaba wananyoosha mikono, hawaufikii. Huyo kocha wa Uturuki anachokitaka kwangu ni hicho. Aliniuliza nimefundishwa na nani."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni baba yangu, fundi wa kuchomelea."

Fredrick akauweka msumeno chini. Akaliangalia goli, kisha akamwangalia binti yake, naye Severina kamzidi urefu siku nyingi.

"Na huko magoli yao yana urefu gani?"

"Tatu na tano. Dunia nzima, baba."

Akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Basi kwako wewe yatakuwa chini. Nenda, mwanangu. Nenda ukawafunge."

Kisha akamwambia maneno mengine kwa Kinyiramba, sauti ya chini. Hayo yalikuwa yao, nikarudi kwenye chapati zangu zilizoungua.

Severina aliondoka Ijumaa. Fredrick alimpakilia begi mwenyewe, akasimama barabarani mpaka basi likapotelea njia ya Sekenke. Siku ile hakufungua karakana. Nilimpelekea chai, akainywa, nikarudi na kikombe.

Wiki iliyofuata nikaona cheche tena. Alikuwa anaunga mabomba. Amesimika goli la pili ng'ambo ya uwanja, kwa tepu mpya, mita tatu na tano kamili, Marko akishika ngazi tu, kusoma haruhusiwi. Lile refu hakuligusa, limebaki vilevile.

Nilimuuliza, sasa watoto wa watu watumie lipi.

"Wachague wenyewe, Mama Rahel," akasema. "Kazi yangu ni kuangalia yote mawili yasidondoke."