Masika na Almasi za Kioo

Mwaka 2017 Masika aliajiriwa kulinda vioo. Mkataba haukusema hivyo; uliandika "vito vya ufalme". Kwenye ghorofa ya juu ya jengo moja la maduka karibu na Kensington, Johannesburg, yalifunguliwa maonyesho ya nakala za almasi za wafalme wa Uingereza. Kila nakala ilikuwa na kabati lake, taa yake, na kibao chenye maandishi madogo kwamba ni kioo. Masika alikisoma siku ya kwanza, akavuta pumzi, akasimama wima kama aliyekabidhiwa benki.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na miwili, mzaliwa wa Butembo, Kongo, akiishi chumba kimoja Bellevue. Baba yake alikuwa sonara, na yeye alikua akimshikia taa mzee anapobana vikucha vya dhahabu juu ya jiwe.

Kwa kusimama pale kutwa, historia yote ilimkaa kichwani. Wageni walimuuliza, naye akawaeleza: mwaka 1905, mgodini karibu na Pretoria, lilipatikana jiwe kubwa kama ngumi. Serikali ya koloni la Transvaal ikalinunua, ikampa mfalme wa Uingereza zawadi ya siku ya kuzaliwa.

"Na waliochimba walipewa nini?" mzee mmoja aliuliza.

"Kibao hakisemi, baba."

Aliwaeleza pia inavyosimuliwa kwamba askari walipanda meli wakilinda sanduku lenye jiwe la bandia, huku lile la kweli likienda kwa posta. Wageni walicheka. Masika aliwahurumia wale askari.

Siku moja aliona kikucha kimelegea kwenye nakala ya bruchi, pambo la kifuani lenye mawe mawili makubwa. Akamwendea meneja, Alexis, Mkongo wa Lubumbashi aliyependa kuongea Kifaransa palipo na watu.

"Meneja, jiwe la chini litaanguka."

"Mama Masika, wewe ni mlinzi. Kupachika mawe waachie wataalamu."

"Wako wapi?"

"Ulaya," alisema Alexis, akaenda kunywa kahawa.

Jumamosi alikuja mgeni rasmi, Yasini, mfanyabiashara wa Tanga, na mkewe Bi Mayasa. Alexis alifungua kabati kwa mikono yake, akambandika Bi Mayasa ile bruchi ili apigwe picha. Ilipovuliwa, jiwe la chini halikuwepo.

Milango ikafungwa. Walinzi wakavuliwa viatu. Wageni wakaletewa juisi. Polisi alifika, daftari mkononi.

"Kilichopotea kina thamani gani?"

"Hakikadiriki," alisema Alexis.

"Naandika nini, sasa?"

"Ni kioo, afande," alisema Masika, akiwa na soksi tu miguuni. "Kibao kimeandika."

Polisi alisoma kibao, akafunga daftari, akaomba juisi.

Masika alimwinamia Bi Mayasa. "Shikamoo, bibi. Naomba tuingie msalani kidogo, sisi wawili."

Walirudi baada ya dakika mbili. Jiwe lilikuwa limefungwa kwenye karatasi laini, bado na joto, maana lilikuwa limetumbukia kifuani. Masika alishuka chini kwa Murielle, mwenye saluni ya kusuka na kupaka kucha rangi, akaazima koleo dogo, akabana vikucha vyote vinne. Wageni wakapiga makofi. Alexis akawashukuru, kwa Kifaransa, wataalamu wa Ulaya.

Jumatatu Masika alipewa barua ya onyo kwa kugusa kito bila idhini, na papo hapo akaombwa akague makabati mengine kumi na moja. Alikunja barua, akavua kofia ya kampuni, akaiweka juu ya kabati la taji.

Murielle alimpa kona ya saluni. Akanunua koleo lake na taa, akaanza kutengeneza hereni na mikufu ya wateja wa pale.

Mwezi wa tatu tangu aanze, akaja Bi Mayasa, amevaa miwani myeusi, akavua pete ya ndoa.

"Jiwe linacheza. Mume wangu aliinunua Dubai. Almasi tupu."

Masika aliisogeza kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama, nikwambie ukweli?"

"Ibane tu vizuri," alisema Bi Mayasa. "Ukweli ninao tangu mwaka wa pili wa ndoa."